Uji wa saa nne na nusu: ratiba ilivyozaa alama za uongo katika shule moja ya Busia

Wiki ya 11 ya muhula wa pili, mkurugenzi wa masomo wa shule ya sekondari ya kutwa wilayani Busia, Uganda, alikaa na karani kuanza kuingiza alama za tathmini endelevu za S3 (kidato cha tatu) kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, UNEB. Hawakufika mbali. Karani alisimama kwenye jina moja: mwanafunzi huyo alihamia ng'ambo ya mpaka mwezi wa Mei, na kadi yake ya uhamisho karani mwenyewe aliipiga muhuri. Lakini kwenye buku la alama alikuwa na 2.1 kwa kazi iliyofanywa Julai. Walipopekua majina yote 128 wakapata wengine watatu wa namna hiyo.

Shule hii ni ya mfano. Tumeiunda kutokana na hali zinazojulikana katika shule za kutwa za aina yake, na idadi zote za wanafunzi, vipindi na alama zinazoihusu ni zetu. Yanayohusu mtaala wa taifa, UNEB na mpaka wa Busia ni mambo halisi.

Wanafunzi wanne hewa ni ajali ndogo tu. Kilichomtisha zaidi mkurugenzi ni safu zenyewe. Katika somo moja, wanafunzi 41 kati ya 64 wa mkondo mmoja walikuwa na 2.4, na hakuna aliyeshuka chini ya 1.8. Katika jingine, alama za kazi ya pili zilikuwa zile zile za kazi ya kwanza, mstari kwa mstari. Na wanafunzi 31 hawakuwa na alama yoyote ya mradi. Darasa la watu 64 halitoi alama zinazofanana hivyo. Alama hizo zimeandikwa na mtu aliyekuwa anakimbizana na muda.

Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwaita walimu ofisini mmoja mmoja na kuwagombeza, nayo ndiyo inayopendwa na shule nyingi. Ya pili ni kuuliza muda huo ulikwenda wapi. Mkurugenzi alichukua ya pili, na alianza na mwalimu wa Kiswahili kwa sababu ndiye aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko mwalimu yeyote pale.

Mtaala unataka nini

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliotayarishwa na kituo cha taifa cha kukuza mitaala, NCDC, kule Kyambogo, ulianza na S1 Februari 2020. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya Covid, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa UCE (wa mwisho wa S4) chini ya mtaala huu mwaka 2024. Kwa hiyo shule nyingi ziliupokea mtaala kwa vipande, huku walimu wakijifunza namna ya kuutumia na darasa likiwa tayari liko mbele yao.

Orodha nzima ya masomo ilipunguzwa hadi 21. Mwanafunzi wa S1 na S2 anasoma 12: 11 ya lazima, na 1 la hiari. Kiswahili kimo katika hayo 11. Akifika S3, ya lazima yanabaki 7, yaani Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia, na Historia na Elimu ya Siasa. Juu yake anaongeza 1 au 2 ya hiari. Kiswahili kinageuka kuwa hiari hapo, jambo ambalo litatusumbua baadaye.

Mtihani wa mwisho unabeba asilimia 80. Asilimia 20 zinatoka shuleni. Chanzo kikuu cha hizo 20 ni shughuli ya ujumuishaji: kila sura inapokwisha, mwanafunzi anapewa hali ya maisha yenye tatizo, anatumia alichojifunza kulitatua, na anapewa alama kati ya 0 na 3. Wastani wa 0.9 hadi 1.4 ni umahiri wa msingi, 1.5 hadi 2.4 ni wa kati, na 2.5 hadi 3 ni wa juu. Angalia tena ile 2.4 ya wanafunzi 41: ndiyo alama ya juu kabisa ambayo haimwiti mtu kuuliza, "Huyu amekuwaje bora kiasi hicho?"

Saa 77

Shule ina mikondo 10: mitatu S1, mitatu S2, miwili S3, miwili S4, kila mmoja watu 64. Kiswahili kina vipindi 3 kwa wiki katika S1 na S2, hiyo ni 18, na vipindi 4 kwa kundi la hiari la S3 na 4 kwa la S4. Jumla 26, na mwalimu mmoja.

Vipindi 26 ni mzigo mzito lakini watu wanaubeba. Kinachovunja mgongo ni karatasi. Wanafunzi wa S1 na S2 ni 384. Azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji wa muhula, lilipanga sura 3, hivyo shughuli 3 za ujumuishaji, kila moja insha ya ukurasa mzima. Karatasi 1,152. Ukisahihisha kwa haraka, dakika 4 kila moja, unapata dakika 4,608, karibu saa 77.

Zikigawanywa katika muhula wa wiki 12, saa 77 ni kama saa sita na nusu kwa wiki. Ni nyingi, ila zinawezekana. Hazikugawanywa. Rekodi ya kazi ya S2 B inaonyesha kwamba hadi wiki ya 10 hakuna shughuli hata moja iliyofanyika. Zote tatu zilisubiri wiki mbili za mwisho, wakati mwalimu huyo huyo anasimamia mitihani ya mwisho wa muhula na anasahihisha mitihani hiyo. Hakuna binadamu anayeweza hilo, na hakuna aliyelifanya.

Kuna jambo baya zaidi. Sura moja ilipangiwa vipindi 10 vya kufundisha na 2 vya shughuli. Sura tatu, vipindi 36, yaani wiki 12 mara vipindi 3. Rekodi ya S2 B ina vipindi 19. Kwa vipindi 19 unamaliza sura moja na kuifikisha ya pili katikati. Sura ya tatu haikufunguliwa kabisa, na kwenye buku la alama shughuli yake ilikuwa na alama 64 zilizojazwa vizuri kwa wino wa bluu.

Vipindi 17 vilipotelea wapi

Azimio lile lilichora wiki 12 kana kwamba zote ni za kufundisha. Hakuna shule yenye wiki 12. Wiki ya 1 wanafunzi wanaingia kidogo kidogo. Nusu yao wamerudishwa kutafuta karo, na mwalimu hataki kuanza sura mbele ya viti vitupu. Wiki ya 2 ni mtihani wa mwanzo wa muhula. Wiki ya 7 ni wa katikati. Wiki za 11 na 12 ni wa mwisho. Zinabaki 7, na vipindi 21. Viwili vingine vilikwenda na sikukuu: muhula wa pili una Siku ya Mashahidi Juni 3 na Siku ya Mashujaa Juni 9.

Mitihani mitatu kwa muhula ni urithi wa mtaala wa zamani ambao hakuna aliyeuondoa mtaala mpya ulipoingia. Shughuli za ujumuishaji ziliongezwa juu yake. Matokeo ni shule inayopima mara sita na kufundisha wiki saba. Mitihani hiyo miwili ya kwanza haiingii popote kwenye alama zinazokwenda UNEB, inaishi kwa sababu ya kadi ya ripoti, na kadi ya ripoti inaishi kwa sababu ya swali moja la mzazi siku ya ziara: "Mwalimu, mtoto wangu amekuwa wa ngapi?"

Uji

Baada ya kalenda, mkurugenzi alitandaza ratiba ya siku. Mtaala unataka masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na kuisha saa tisa kasoro dakika kumi alasiri. Hizo ni dakika 380. Shule ilizigawa vipindi 8 vya dakika 40, mapumziko ya uji dakika 20, na chakula cha mchana dakika 40. Hesabu inafunga. Uji ulinywewa saa nne na nusu, baada ya kipindi cha tatu. Chakula saa saba kasoro dakika kumi, baada ya cha sita.

Tatizo liko kwenye namba tatu. Kabla ya uji kuna vipindi 3, kati ya uji na chakula kuna 3, na mchana kuna 2. Vipindi vitatu vinatoa dabo moja, yaani vipindi viwili vilivyoungana, na kimoja kinabaki pembeni. Kwa hiyo siku nzima ina dabo 3, na wiki ina 15. Kwa somo la Dini si kitu. Kwa maabara ni msiba.

Shule ina maabara moja. Mikondo 4 ya S3 na S4, kila mmoja dabo moja kwa wiki kwa Fizikia, moja Kemia, moja Baiolojia: dabo 12. Kati ya 15 zinabaki 3 za kugawana mikondo 6 ya S1 na S2, ambayo kwa masomo matatu inahitaji 18. Kila mkondo unapata zamu ya somo moja mara moja kwa wiki 6. Katika muhula wenye wiki 7 za kufundisha, hiyo ni mara moja. Ndipo unapoelewa kwa nini walimu wa sayansi nao waliandika alama za majaribio ambayo hayakufanyika. Jaribio la kupima kasi ya mmenyuko halitoshi ndani ya dakika 40 kama dakika 10 za kwanza ni kugawa vifaa na 10 za mwisho ni kuviosha.

Sogeza uji ukae baada ya kipindi cha pili, saa nne kasoro dakika kumi. Sasa una vipindi 2, kisha 4, kisha 2: dabo 4 kwa siku, 20 kwa wiki. S3 na S4 zinachukua 12 zao, zinabaki 8. Shule ilitumia 6 kwa S1 na S2, kila mkondo ukapata zamu ya kila somo mara moja kwa wiki 3 badala ya 6, na dabo 2 akaachiwa fundi wa maabara kutayarisha vifaa. Hakuna jengo lililojengwa wala mwalimu aliyeajiriwa. Chakula cha mchana hakikusogea hata dakika moja.

Ungeweza pia kuusogeza mbele, baada ya kipindi cha nne, na hesabu ingekuwa ile ile. Shule ilikataa kwa sababu ni ya kutwa: watoto wanatembea, wengi hawajatia kitu mdomoni, na uji wa saa tano na dakika kumi ungewakuta wamelala juu ya madawati. Kusogeza nyuma nako kuna gharama. Mpishi lazima awashe kuni dakika 40 mapema, na vipindi vinne mfululizo hadi chakula ni virefu. Kipindi cha sita kikawa kile ambacho kila mwalimu anakikwepa. Hapo waliweka Elimu ya Viungo na Sanaa pale ilipowezekana, na mikondo mingine ikavumilia.

Ratiba ya S1 na S2 yenyewe haikuguswa sana: Hisabati 5, Kiingereza 5, sayansi tatu 4 kila moja, Jiografia 3, Historia 3, Kiswahili 3, somo la hiari 3, Dini 2, Ujasiriamali 2, Viungo 2. Jumla 40. Ila Kiswahili cha S2 B kiliondolewa Ijumaa mchana. Busia ina soko linalovuta wanafunzi Ijumaa, na rejesta inasema wazi nani anabaki darasani saa nane.

Sura moja, kwa karibu

Mitihani ya mwanzo na ya katikati ilifutwa. Wiki 7 zikawa 9, kuanzia ya 2 hadi ya 10, na Kiswahili kikapata vipindi 27 vya kweli badala ya 36 vya kwenye karatasi. Sura tatu, vipindi 9 kila moja: 7 vya kufundisha, 2 vya shughuli.

Kutoka 10 hadi 7 walimu hupunguza kwa kukimbia, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Njia iliyofanya kazi ni kuacha kurasa za kitabu na kushika matokeo ya ujifunzaji. Katika sura ya soko na biashara, kitabu kilikuwa na vifungu viwili vya ufahamu, orodha ya msamiati, zoezi la upatanisho wa sarufi, mazungumzo, na barua. Matokeo yaliyotakiwa yalikuwa matatu: mwanafunzi aulize na ataje bei, apatanishe majina na viambishi sahihi, aandike ujumbe mfupi wa kibiashara unaoeleweka. Kifungu cha pili cha ufahamu kiliachwa kisomwe baada ya saa tisa, katika muda ambao mtaala umeuacha kwa utafiti na klabu. Msamiati haukupewa kipindi chake. Ulipita ndani ya mazungumzo.

Shughuli yenyewe iliandikwa hivi:

"Shangazi yako anauza dagaa na sato katika soko la Busia. Ana mteja upande wa Kenya anayezungumza Kiswahili tu. Jedwali hapa chini linaonyesha aina ya samaki, kiasi kilichopo na bei. Kesho shangazi atavuka mpaka asubuhi. Mwandikie mteja ujumbe wa simu, mistari 8 hadi 10, kumweleza kuna samaki gani, kiasi gani, bei gani, na wakutane wapi saa ngapi."

Ina sehemu zote nne zinazotakiwa: hali, kazi, nyenzo ya kusaidia (jedwali), na zao, ambalo ni ujumbe. Mistari 10 badala ya ukurasa inashusha usahihishaji kutoka dakika 4 hadi 2 na nusu. Na hali hiyo ni ya hapa. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Watoto wengi wa darasa hilo wamewahi kubeba beseni kuvuka pale. Mwalimu wa Ujasiriamali aliomba nakala ya kazi hiyo ili aitumie kwa hesabu ya faida. Kazi ile ile, masomo mawili.

Vigezo ni vinne: ufaafu, usahihi, mtiririko na ubora wa ziada. Kila kimoja 0 hadi 3. Tazama mfano wa karatasi:

"Kalibu sana lafiki. Shangazi iko na dagaa debe tatu na samaki kubwa kumi na mbili. Samaki hii ni mzuri sana. Bei ya moja ni elfu kumi na tano. Tukutane kwa geti saa nane asubuhi."

Ufaafu: aina ipo, kiasi kipo, bei ipo, mahali na saa vipo. 3. Mtiririko: unasomeka kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini bei ya dagaa imesahauliwa na sarafu haikutajwa, jambo la hatari kati ya shilingi ya Uganda na ya Kenya. 2. Ubora wa ziada: karibu ya mwanzo ina heshima, hakuna zaidi. 1. Usahihi ndio wenye mafunzo. "Kalibu" na "lafiki" vinatoka kwenye matamshi: katika Luganda r na l hupokezana kufuatana na irabu inayotangulia, na mwandishi anaandika anavyosikia. "Samaki hii" ni Kiswahili cha sokoni. Samaki ni kiumbe hai, kwa hiyo samaki huyu, samaki wakubwa. Na "saa nane asubuhi" ni saa ya Kiingereza iliyovaa maneno ya Kiswahili. Mteja akiifuata, atakuja saa nane mchana kukuta sato wameanza kunuka. 1. Wastani wa vigezo vinne ni 1.75, umahiri wa kati.

Hapa panahitaji hukumu ya mwalimu. Ukiadhibu kila "iko na", utashusha darasa zima la Busia hadi 1, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema kwenye geti na wanaelewana. Walimu wa shule hii walikubaliana hivi: kosa linalopotosha maana (saa, bei, idadi) linahesabiwa hata likitokea mara moja tu, kosa la upatanisho linahesabiwa likijirudia zaidi ya mara mbili. Makubaliano hayo yaliandikwa nyuma ya mwongozo wa alama. Bila hivyo karatasi moja hupata 1 kwa mwalimu huyu na 3 kwa yule. Walijaribu: karatasi 6, wasahihishaji 2, bila kuangaliana. Tatu zilitofautiana kwa zaidi ya alama nusu, zote kwenye usahihi.

Nani asahihishe, lini

Mwalimu wa Historia alikuwa amesomea Kiswahili kama somo la pili chuoni na hakuwahi kupewa. Alipewa S2 yote, vipindi 9. Mwalimu wa kwanza akabaki na S1, S3 na S4, vipindi 17. Idara ya Historia ililalamika kwa haki, maana vipindi 9 vya Historia vilimwangukia mwenzao aliyekuwa na 18 tayari, akafika 27. Tusidanganyane, mzigo umehama tu, haukupungua. Lakini Historia ina walimu watatu wa kuugawana muhula unaofuata, na Kiswahili kilikuwa na mmoja.

Shughuli hazifanywi siku moja na mikondo yote. A wiki ya 4, B wiki ya 5, C wiki ya 6. Duru ya pili A wiki ya 7, B ya 8, C ya 9. Mkondo unaosubiri unaanza sura inayofuata, kisha unarudi. Kila wiki mwalimu ana rundo moja la karatasi 64, dakika 160. Duru ya tatu mikondo yote inagongana wiki ya 10, na marundo matatu hayawezekani. Kwa hiyo kazi ya tatu ni ya mdomo: mazungumzo ya jozi, muuzaji na mnunuzi, yanapimwa papo hapo ndani ya vipindi viwili vya shughuli. Jozi 32 kwa dakika 2 ni dakika 64. Zilizobaki 16 ni za kupishana. Ni finyu. Jozi ijayo isipokuwa imesimama mlangoni tayari, hamtamaliza.

Kinga dhidi ya alama hewa ni ndogo na haina gharama. Buku la alama la kila somo sasa lina safu ya tarehe iliyofanyika, na karani analilinganisha na rejesta ya siku hiyo. Asiyekuwepo anaandikiwa H, na H haigeuki namba mpaka afanye kazi. Na kila Jumatano baada ya saa tisa idara moja inaleta karatasi 5 zilizosahihishwa, zilizochaguliwa na mkurugenzi. Si za mwanafunzi bora.

Wazazi walipewa maelezo yao siku ya ziara. Kadi mpya haisemi mtoto amekuwa wa ngapi; ina alama ya kila shughuli na sentensi moja juu ya anachoweza na asichoweza. Baadhi walirudisha kadi wakidai imekosea. Mzee mmoja alitaka aonyeshwe hiyo karatasi ya samaki, akaisoma mpaka mwisho, akauliza, "Kumbe kijana wangu hajui saa?" Mazungumzo yalikuwa rahisi tangu hapo, kwake angalau.

S3

Alama za S3 zilizotiliwa shaka zilifutwa zote, hata zile ambazo huenda zilikuwa za kweli, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Muda wa kuingiza ulikuwa haujaisha. Kufanya upya kulipangwa katika wiki 5 za kwanza za muhula wa tatu, si baadaye, na sababu ni ya kimwili: mitihani ya UCE inaanza Oktoba, maabara inachukuliwa na vitendo vya S4, ukumbi unajaa meza zilizotenganishwa, na walimu wanasimamia. Shule inayosema "tutamalizia Novemba" haitamalizia.

Mradi ulikuwa na kisa chake. Kila mwalimu wa somo alikuwa ametoa wa kwake, mwanafunzi mmoja akawa na miradi 8 au 9, kila mmoja unadai rangi, mbao au matete. Wale 31 wasio na alama walikuwa hasa watoto walioshindwa kununua. Shule ilibakiza mradi mmoja kwa mwanafunzi, wenye walezi wawili kutoka masomo tofauti, kwa vifaa vinavyopatikana bure au shuleni. Makundi ni ya watu 5, lakini kila mmoja ana shajara yake ya kazi, na alama inatolewa kwa shajara na maelezo ya mdomo, si kwa kitu kilichotengenezwa peke yake. La sivyo aliye na baba seremala anashinda kila mwaka.

Kilichobaki ni vitalu vya hiari. S3 ina vipindi 32 vya lazima na 8 vya hiari, vitalu viwili vya vipindi 4. Masomo ya kitalu kimoja hufundishwa kwa wakati mmoja, hivyo mwanafunzi anachukua moja tu kati yake. Zamani Kiswahili na Ujasiriamali vilikaa kwenye kitalu kimoja, pamoja na Kilimo. Katika mji wa mpakani, mtoto anayetaka biashara alilazimishwa kuiacha lugha ya biashara. Kutoka S2 yenye watu 192, kundi la Kiswahili la S3 lilikuwa na 34, na walimu walizoea kusema vijana hawaipendi lugha. Hakuna aliyewauliza. Sasa wanafunzi wa S2 wanapewa fomu yenye nafasi tatu za kuchagua kwa kufuata upendeleo, mkurugenzi anahesabu ni jozi zipi zinaombwa zaidi, kisha masomo ya jozi hizo anayatenganisha kwenye vitalu viwili. Fomu zinakusanywa mwanzoni mwa Novemba, kabla ratiba ya mwaka unaofuata haijachorwa.